Kumi na minane ya karatasi

Hotuba ya mwalimu mstaafu kwa baraza la wazazi na vijana, Mombasa

Wazee wangu, mama zetu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa mikekani hapa mbele kwa sababu viti vimekwisha: asalaam aleikum, na wasiosalimiwa hivyo, hamjambo nyote.

Nimepewa nusu saa ya kusema juu ya umri wa kupiga kura, na mwenyekiti amenikanya nisiwafundishe kama darasani. Nitajaribu. Lakini kwanza vijana wanisaidie hesabu moja. Nyinyi wa mikekani, kila aliyezaliwa tarehe 10 Agosti 2009 au kabla ya hapo, asimame. Vizuri. Waliobaki chini, msione haya, hamjafeli kitu. Wewe mwenye kofia nyeupe, umezaliwa lini? Septemba 2009. Ahsante, kaa vivyo hivyo.

Katiba yetu imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Wa mwisho ulikuwa tarehe 9 Agosti 2022. Unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Waliosimama watakuwa wamefika miaka 18 siku hiyo. Huyu wa kofia atakuwa amebakisha mwezi mmoja. Basi atangoje. Atangoje mpaka lini? Mpaka tarehe 10 Agosti 2032. Siku hiyo atakuwa na miaka 22 na miezi 11. Huenda ana ndevu, ana mke, ana mtoto anayelia mgongoni kwa mamake kwenye foleni, na ndiyo kwanza kidole chake kinaguswa wino.

Hata hao waliosimama wasifurahi mapema. Kwetu unafika miaka 18 kwanza, ndipo unaomba kitambulisho, ndipo unajiandikisha. Na daftari la wapiga kura hufungwa kabla ya uchaguzi. Aliyezaliwa Julai 2009 amesimama bure. Majirani zetu Tanzania huandikisha hata yule ambaye atatimiza miaka 18 siku yenyewe ya uchaguzi. Jambo dogo hilo, la karani na kalamu, nasi hatuna.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Umri wa kura ukiwa 18 na uchaguzi ukija kila miaka 5, kijana anaipiga kura yake ya kwanza ya uchaguzi mkuu popote kati ya miaka 18 na 23. Wastani ni miaka 20 na nusu. Ukiuteremsha umri hadi 16, kura ya kwanza inaangukia kati ya 16 na 21, na wastani unakuwa 18 na nusu. Kwa hiyo watu wakiniambia, "Mwalimu, wewe unataka watoto wapige kura," huwajibu kwamba mimi nataka 18 tu, ile ile tuliyopewa mwaka 1974 ilipoteremshwa kutoka 21. Kwa kalenda ya miaka mitano, ukitaka 18 ya kweli, lazima kwenye karatasi uandike 16.

(Mwaka huo wa 1974 ndio pia Kiswahili kilipofanywa lugha ya Bunge. Wako waliosema mambo yote mawili yataleta fujo. Haya, fujo tumeiona, lakini haikuletwa na hayo.)

Nawaambia haya kwa uchungu wangu mwenyewe. Mimi ni wa Desemba 1965. Mwaka 1983 uchaguzi uliitishwa mapema, ukafanywa Septemba, nami nina miaka 17, nimebakisha miezi mitatu. Nikakaa barazani nikatazama watu wanapita. Uliofuata ulikuwa mwaka 1988, nami nina miaka 22, nishakuwa mwalimu, nabeba chaki mfukoni. Na wazee mliopo hapa mnajua 1988 tulipewa nini. Mlolongo! Kuteua mgombea wa chama, na chama kilikuwa kimoja, ulijipanga hadharani nyuma ya aliyeshika picha ya mtu wako. Nyuma yako diwani anakuona, chifu anakuona, mwalimu mkuu aliyekuajiri anakuona. Tukahesabiwa kama mbuzi wa mnada. Aliyezidisha asilimia 70 hapo alikuwa amepita, hakuna tena debe la siri. Pale nilipokuwa mimi, mlolongo mrefu ulishindwa na mlolongo mfupi. Tulisimama tukasikiliza matokeo yakisomwa kinyume cha macho yetu, kisha kila mtu akajikung'uta vumbi akaenda zake.

Kura yangu ya kwanza maishani ikawa ni kutazama kisogo cha mtu. Miezi mitatu ile ya 1983 ilininyima debe la siri, na nilichojifunza kwanza kuhusu uchaguzi ni kwamba hesabu haina maana. Ilinichukua miaka mingi kukisahau.

Sasa niwapeleke kwenye kituo cha kura. Mwaka 2022 nilikuwa msimamizi wa kituo, katika darasa la shule ya msingi humu humu kaunti ya Mombasa. Mnajua madarasa yetu yanavyogeuzwa siku hiyo: ubao unabandikwa matangazo, madawati yanasukumwa ukutani, mawili matatu yanawekewa kile kizuizi cha karatasi ngumu ili mtu aweke alama yake bila kuonekana. Watoto wenye darasa wameambiwa wakae nyumbani.

Kwenye saa nne hivi akaingia bi mkubwa mmoja na mjukuu wake. Mjukuu amemshika kiwiko, mrefu, amechomekea shati kama aendaye mtihanini. Nyanya hajui kusoma. Kijana akaniambia, "Mwalimu, mimi nitamsomea. Nyumbani tumefanya mazoezi." Na kweli walikuwa wamefanya. Alikuwa amemfundisha nyanyake rangi za vifuniko vya masanduku: nyeupe ya Rais, buluu ya Gavana, manjano ya Seneta, zambarau ya Mwakilishi wa Wanawake, kijani ya Mbunge, na ile kama ya maziwa yenye chai ya Mwakilishi Wadi. Bi mkubwa alinitajia zote sita kwa vidole, bila kukosea. Nina wenzangu makarani, wenye diploma zao, waliokuwa bado wanachungulia kwenye kitabu cha maelekezo.

Nikamwomba kijana kitambulisho. Hana. Umri? "Natimiza 18 tarehe 20, Mwalimu." Tarehe 20 Agosti. Siku 11.

Kanuni zinasema mpiga kura asiyeweza kusoma amchague mwenyewe wa kumsaidia, lakini huyo msaidizi awe ametimiza miaka 18. Asipokuwa naye, anasaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala wa wagombea. Nikamwambia kijana, mwanangu, ngoja nje. Hakubisha. Alitazama dawati lenye kile kizuizi, akasema, "Lile nililikalia mimi darasa la nane," akatoka.

Basi nikakaa na bi mkubwa. Mawakala wakasogea, ni haki yao. Nikamsomea majina, naye ananong'ona, nami inanibidi nimuulize tena kwa sauti ili niwe na hakika. Karatasi sita. Kila anaponong'ona, shingo tano zinarefuka. Kura ya siri ya mama yule ilisikiwa na watu wazima wenye vitambulisho, wote tumefika umri unaotakiwa, na mtu pekee aliyemwamini kwa siri yake alikuwa dirishani, kwenye jua, anakatazwa kwa siku 11. Tulipomaliza bi mkubwa alifunga leso yake vizuri, akaniuliza, "Sasa hawa wote walikuwa wanasikiliza nini?"

Nilitekeleza sheria sawasawa, na fomu zangu zilikuwa safi. Lakini usiku ule, wakati nabandika mlangoni nakala ya Fomu 34A, ile ya matokeo ya kura za Rais, nilikuwa bado nalifikiria lile swali.

Nakuja kwa hoja za wanaonipinga, maana wamo humu na nawaheshimu.

Ya kwanza husemwa hivi: hawajakomaa. Sawa. Mwaka 1957, Mwafrika wa Kenya aliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kumchagua mwakilishi wake, alipimwa kwanza ukomavu: ana elimu gani, anapata mshahara gani, ana mali gani, ametumikia serikali miaka mingapi. Mwenye sifa nyingi alipewa hadi kura 3, na asiye na sifa hakupata hata moja. Ndipo Ronald Ngala alipoingia kwa kiti cha Pwani. Baba yangu mzazi, aliyejua bahari nzima kwa nyota, hakupita mtihani ule. Tangu nilipokisikia kisa hicho, neno "hawajakomaa" huniwasha. Kila anayelitamka huwa ameshaingia ndani na ameshika kitasa.

Ya pili: watahongwa. Jamani! Wahongwao na mia mbili na pakiti ya unga ni nani leo hii? Ni sisi. Sijawahi kumwona mtoto wa kidato cha tatu amebebwa kwenye lori na fulana ya mgombea akalipwa baada ya mkutano… nimedanganya, nimewaona, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Wanasiasa wanawatumia tayari, kuimba, kupiga kelele na kurusha mawe. Wanachokosa ni kile kitu kimoja ambacho mwanasiasa angelazimika kuwaomba kwa adabu.

Ya tatu ndiyo ngumu. Kwamba hata hao wa miaka 18 tuliowapa kura hawaitaki. Mwaka 2022 walioandikishwa walikuwa 22,120,458, na wenye umri wa kati ya 18 na 34 hawakufika asilimia 40. Idadi yao ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 5 ikilinganishwa na 2017, wakati vijana wenyewe wanazidi kuzaliwa. Mtu mwenye akili atauliza: wa 18 hawaji, wa 16 unawaitia nini?

Jibu langu ni la mwalimu wa darasa. Fikirini kijana wa miaka 16 yuko wapi. Yuko shuleni, jina lake limo kwenye rejista, anajulikana nyumba yake na mzazi wake. Kumwandikisha ni kwenda na mtambo shuleni asubuhi moja. Sasa mfikirini huyo huyo miaka mitatu baadaye. Mmoja yuko Nairobi anatafuta kibarua. Mwingine yuko kwenye boda, halali kitanda kimoja mwezi mzima. Binti ameondoka na ajenti kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Yuko aliyezungushwa kitambulisho hadi akachoka, na sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa habari ya kupigwa msasa: lete cheti cha babu, lete mzee wa mtaa, rudi Alhamisi. Huyo unamwomba ajiandikishe kama mpiga kura? Kitambulisho chenyewe kimemshinda. Tunawafungulia mlango siku ile ile wanayoondoka nyumbani, kisha tunalalamika hawakuingia.

Na wenzetu waliojaribu wameona hivyo hivyo. Austria waliteremsha hadi 16 mwaka 2007, na watafiti wakakuta wale wa 16 na 17 wanajitokeza kuliko ndugu zao wa 18 hadi 20. Scotland waliwaruhusu wa 16 kwenye kura ya maoni ya kujitenga na Uingereza, Septemba 2014. Tume yao ya uchaguzi ilipouliza baadaye, asilimia 75 ya wa 16 na 17 walisema walipiga, ilhali wa 18 hadi 24 walikuwa asilimia 54. Najua, ile ilikuwa kura ya msisimko, ya kuvunja ndoa ya miaka 300, na watu husema wamepiga hata wasipopiga. Lakini pengo lile ni kubwa mno kuwa uongo mtupu. Brazil wamekuwa na mtindo wao tangu katiba ya 1988: wa 16 na 17 hupiga kwa hiari, wa 18 kwa lazima.

Hata Afrika wazo hili si geni. Nelson Mandela alipotoka jela alipendekeza Afrika Kusini waanzie miaka 14. Chama chake mwenyewe kilimkatalia, wakabaki na 18. Nadhani alikuwa anawakumbuka watoto wa Soweto, wale walioandamana wakapigwa risasi Juni 1976. Lakini walifanya jambo moja la busara ambalo ningelipokea hata kesho: Afrika Kusini kijana hupewa kitambulisho na kuruhusiwa kujiandikisha akiwa na miaka 16, kisha anangoja siku yake ya kupiga akifika 18. Haki ya kupiga imebaki pale pale, ila usumbufu wote umeshakwisha angali shuleni.

Kwetu sisi safari ni ndefu, na sitawaficha. Haki ya kupiga kura imo kwenye kifungu cha 38, ndani ya sura ya haki za msingi, nayo imetaja mtu mzima. Mtu mzima, kwa Katiba hiyo hiyo, ni wa miaka 18. Kugusa sura hiyo ni lazima kura ya maoni. Wajitokeze angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha katika nusu ya kaunti, na walio wengi waseme ndiyo. Ukitaka kuanzisha wewe mwananchi, kusanya saini milioni moja, na ziwe za wapiga kura walioandikishwa. Yaani kijana wa mkekani hawezi hata kutia saini ya kuomba alichonyimwa. Ni lazima aombewe na nyanyake.

Kuna tundu jingine ambalo wanaolipigia debe jambo hili hawaliangalii. Sheria yetu inamtaka mgombea ubunge awe mpiga kura aliyeandikishwa. Haijamtajia umri wake mwingine. Ukiteremsha kura hadi 16 bila kuziba hapo, tutapata mheshimiwa anayeomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu aende Bungeni. Mimi napendekeza kugombea kubaki 18. Nchi hii imeshampeleka Bungeni John Paul Mwirigi wa Igembe Kusini akiwa na miaka 23, mwaka 2017, na hakuharibu kitu. Lakini ebu pimeni: kwa miaka hiyo hiyo 23, mmoja anaapishwa kuwa mbunge, mwingine anapiga kura kwa mara ya kwanza, na wote wawili hawajavunja sheria.

Linaloninyima usingizi mimi ni shule. Nimefundisha miaka 30 na ushei, najua nguvu ya mwalimu mkuu kwenye shule ya bweni. Akisema "mtu wetu ni fulani" kwenye gwaride la Jumatatu, watoto 800 wamesikia. Kwa hiyo wa 16 wakipewa kura, mkutano wa kampeni usikanyage shuleni, picha ya mgombea isibandikwe kwenye basi la shule, na zile harambee za kujenga darasa miezi mitatu kabla ya uchaguzi zikome. Bahati nzuri, Agosti shule huwa zimefungwa, mtoto atapiga kura mtaani kwao, na mwalimu mkuu naye yuko kwao.

Tarehe 25 Juni 2024, walipoingia Bungeni wale vijana waandamanaji mnaowaita Gen Z, wakiupinga mswada wa fedha, kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Mswada huo ulikuwa umeanza na VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Nilikuwa na kijana dukani siku zile, mtoto wa jirani yangu, kidato cha pili, ametumwa mkate. Muuza duka akamtania, "Wewe pia ni Gen Z? Kura huna." Akajibu, "Lakini mkate si nanunua mimi?" Akahesabu chenji, akaondoka.

Watu walikufa wiki zile. Sisemi kwamba kura ingezuia, sina dalili hiyo. Nasema tu kwamba walioshuka barabarani wakiwa na miaka 19 mwaka ule, wengi wao 2022 walikuwa bado na miaka 17. Hawakuwahi kumchagua mtu yeyote, wala kumkataa.

Yule kijana wa dirishani aliniandikia mwaka jana. Yuko Doha, anafanya kazi ghalani. Aliuliza kama huko watawekewa kituo 2027. Nikamwambia mwaka 2022 Qatar ilikuwemo, lakini walioko nje humpigia Rais peke yake, ile sanduku nyeupe. Akacheka, akasema zile rangi nyingine tano amezifundisha bure. Nyanyake yu hai, yuko pale ukutani, kiti cha tatu, na ameniruhusu kukisimulia kisa chake maadamu simtaji jina. Msomaji wake siku hizi ni mjukuu wa kike, naye ndiye huyo aliyekaa mkekani na hakusimama.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali basi. Tuanze na nyinyi ambao hamkusimama. Mzee wangu wa nyuma, nimeuona mkono, subiri kidogo.